Mrija Uliolala Karibu na Moyo wa Mama

Jembe la meno matatu lilimchoma mama kwenye muundi akipalilia viazi nyuma ya nyumba yetu, upande wa Othaya, katikati ya miaka ya tisini. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kipande cha leso kuukuu, akarudi kumaliza mstari wake. Kidonda kilifunga. Sote tulikisahau, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Miezi mitatu baadaye mguu ulivimba ukawa moto kama sufuria, na pale penye kovu pakatokea tundu dogo lililotoa usaha usiokwisha.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano Wamagana wakati huo, nikiishi kwenye nyumba ya shule. Kaka zangu wawili walikuwa wakifanya kazi mbali. Kwa hiyo baba alipompeleka mama hospitalini mjini Nyeri, mimi ndiye niliyekuwa karibu, na mimi ndiye niliyeitwa kusikiliza daktari.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, mtu wa maneno machache. Alisema usaha umeingia ndani ya mfupa. Angepasua na kukwangua sehemu iliyooza, kisha mama angehitaji dawa ya kupitia mshipani kwa wiki sita.

"Si anaweza kupewa vidonge?" niliuliza.

"Mfupa ni kama jiwe, mwalimu. Dawa ya kumeza haitafika mle ndani ya kutosha. Lazima tuipitishe kwenye damu, kila siku, bila kuruka hata siku moja."

Nilimtafsiria baba kwa Kikuyu. Baba alikuwa fundi wa mawe. Miaka arobaini alikuwa amechonga mawe ya kujengea, na shule ninayokumbuka ya utotoni ilikuwa ya mawe yake. Aliposikia habari ya mfupa na jiwe alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

"Jiwe likinywa maji machafu," alisema, "huwezi kulifuta kwa nje. Mwambie nimeelewa."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Shida ilianza baadaye, wodini. Dawa ilipitia branula, kile kisindano cha plastiki kinachoachwa mkononi na kufungwa kwa plasta. Branula moja ilitakiwa kukaa siku tatu. Kwa mama, baadhi hazikumaliza hata siku mbili. Mshipa ulivimba, ukawa mgumu kama kamba, na muuguzi akalazimika kutafuta mwingine. Mwisho wa wiki ya pili mikono yote miwili ilikuwa ya bluu na njano kutoka viganjani hadi kwenye viwiko. Jumamosi moja nilisimama kando nikamwona muuguzi mzuri, mwenye subira, akimchoma mara nne kabla ya kupata. Mama aliugeuza uso ukutani, na vidole vya miguu yake vikajikunja chini ya blanketi.

Mgonjwa aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa mwanamke mwenye kidonda kibaya cha moto. Asubuhi ile daktari alinivuta kando akaniambia hapendi wagonjwa hao wawili wakae karibu hivyo, lakini hana kitanda kingine.

"Mama yako hana homa tena," alisema. "Anakula vizuri. Kinachomweka hapa ni dawa tu. Kama mnaweza kupanga, amalizie wiki nne zilizobaki nyumbani."

"Nyumbani? Na hiyo dawa?"

Alichukua karatasi, akaigeuza upande wa nyuma, akaniandikia njia za kuingiza dawa mshipani mtu akiwa kwake. Ya kwanza ilikuwa branula zile zile, tukipata muuguzi wa kuja nyumbani kila siku. Ya pili ulikuwa mrija mrefu na laini unaoingizwa kwenye mshipa wa mkono, juu kidogo ya kiwiko, ukasukumwa taratibu ndani ya mshipa mpaka ncha yake ilale kifuani, karibu na moyo. Huo ungekaa wiki zote nne bila kubadilishwa. Ya tatu ulikuwa mrija unaopandikizwa kifuani kwa upasuaji, Nairobi, na hapo mwenyewe akaifuta kwa mstari: huo ni wa wagonjwa wa miezi mingi. Mrija wa mkononi ulipatikana katika hospitali moja ya misheni upande wa pili wa ule mlima wenye barafu, karibu na Meru. Aliwahi kufanya kazi huko na alimjua muuguzi aliyekuwa akiuweka.

"Bei?" nikauliza.

"Hiyo sijui. Fanya hesabu yako, uniambie Jumatatu."

Nilikuwa na daftari la mazoezi kwenye mkoba, la wanafunzi, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nilichora mistari nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali. Kichwa changu kilikuwa bado hakijaelewa kile nilichokuwa nimesikia. Nilijishika mkono juu ya kiwiko, nikafuata kwa kidole njia ambayo mrija ungepita: juu mpaka kwapani, chini ya mfupa wa bega, halafu ndani. Mama alikuwa na barabara mwilini ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifikiria, na kuna watu waliojua kusafiri ndani yake.

Siku ile nilizunguka kemisti za Nyeri. Nilijifunza kwamba branula zina rangi, na rangi ndiyo saizi: ya waridi, ya bluu, ya njano iliyo nyembamba kuliko zote. Mishipa ya mama ilikuwa imefikia kwenye njano. Kemisti moja iliuza kwa bei ya pakiti moja ya unga, nyingine karibu na stendi kwa bei ya pakiti mbili, na sikuona tofauti yoyote. Mzee mwenye duka alipoona ninaandika aliniuliza, akicheka, ninafanya utafiti gani. Nilipomweleza, aliacha kunicheka.

"Usihesabu ya njano moja moja," aliniambia. "Hesabu pia zile zitakazoharibika. Mshipa ukikataa, branula hiyo umeitupa."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nimegawanya siku ishirini na nane kwa tatu nikapata branula kumi, nikafurahi. Nikarudi kwenye benchi nikahesabu nilivyoona wodini: tatu, wakati mwingine nne, ili ikae moja, na hiyo moja siku mbili. Kumi zikawa zaidi ya arobaini. Nikaongeza muuguzi wa dispensari, ambaye angeteremka kwetu na kupanda tena kila siku, na Jumapili ambayo hakuwa kazini. Njia ya bei rahisi ilianza kupanda mbele ya macho yangu.

Asubuhi ya Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikaenda posta kupiga simu kwenye hospitali ile ya misheni. Nilisubiri nikitia sarafu mpaka sauti ya mwanamke ikaja, nzito na tulivu, yenye lafudhi ya Kimeru. Ndiye yule muuguzi. Nilimuuliza mrija ni bei gani.

"Usiniulize bei ya mrija peke yake," alisema. "Mrija peke yake haufanyi kitu. Andika. Uko na kalamu?"

Nikaandika. Mrija wenyewe. Picha ya eksrei ya kuonyesha umelala wapi. Mabomba ya sindano ya siku ishirini na nane. Maji safi ya chumvi ya kuusafisha kabla na baada ya dawa. Glavu, spiriti, pamba, plasta ya kufunika. Usiku mmoja wa kulala pale. Nauli ya kwenda na kurudi, na nauli nyingine ya kuja kuutoa.

"Na muuguzi wa kuja nyumbani?" nikauliza.

"Hapana. Huo hamhitaji muuguzi. Mtu mmoja wa nyumbani nitamfundisha. Awe mtu anayefuata maneno. Sitaki mjanja."

Nilijumlisha. Mrija mrefu, pamoja na vitu vyake vyote, ulikuwa sawa na mshahara wangu wa mwezi mmoja na nusu. Branula, pamoja na muuguzi wake, zilikuwa mshahara wa mwezi mmoja na kitu. Kitanda cha wodini kwa wiki nne kilizidi zote mbili. Nilikagua mara tatu, kwa kalamu nyekundu kama ninavyosahihisha, kwa sababu sikuamini kwamba kitu kinachofika karibu na moyo wa mtu kingekuwa karibu sana kwa bei na kile cha kubandikwa mgongoni mwa kiganja.

Mchana tulikaa kwenye nyasi za uwanja wa hospitali, mimi na baba, nikamsomea daftari lote. Nilikuwa nimechora safu nne: njia, vifaa, mtu wa kudunga, safari. Baba hakujua kusoma sana lakini alijua kusikiliza hesabu. Kazi ya mawe ilikuwa imemfundisha. Aliniacha nimalize.

"Kwa hivyo branula ni nafuu kidogo," nikasema. "Tukiwa waangalifu, tunaweza kuokoa."

Aliangalia dirisha la wodi ya wanawake.

"Umeandika mama yako atachomwa mara ngapi?" aliuliza.

Sikuwa nimeandika. Niliangalia zile safu zangu nadhifu nikaona aibu. Nikachora ya tano. Kwenye mstari wa branula nikaandika arobaini na zaidi. Kwenye mstari wa mrija mrefu nikaandika moja.

"Basi," alisema baba, akainuka. "Nitauza yule ndama dume. Piga simu tena."

Daktari alitoa barua na dawa, dawa ya kudungwa mara moja tu kwa siku, na Ijumaa shemasi wa kanisa letu akatuchukua kwa pikapu yake, mama akiwa mbele na mguu wake juu ya mto, mimi na baba nyuma tukiwa tumejifunika turubai. Tulipita Nanyuki, kisha Timau, mahali ngano inapokwenda hadi macho yanapochoka. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Baba aligonga kioo akamwomba shemasi asimame.

Alishuka akasimama kando ya barabara. Mlima ulikuwa mbele yetu ukiwa wazi kabisa, barafu yake ikimeta, lakini ulikuwa na sura nyingine. Vilele tulivyovijua vilikuwa vimegeuka vikatuonyesha mgongo. Baba alikuwa na miaka zaidi ya sitini, ameuangalia mlima ule kila asubuhi iliyokuwa na uwazi, na hakuwa amewahi kuuona kwa upande ule. Aliondoa kofia. Mama alishusha kioo naye akatazama.

"Kumbe una upande mwingine," alisema mama. Ndilo jambo la kwanza alilolisema tangu Nyeri.

Muuguzi wa hospitali ya misheni alikuwa mwanamke mfupi, mpana, wa miaka kama hamsini, viatu vyake vyeupe vikiwa vimepakwa chaki. Alimpokea mama kwa mikono miwili. Hakuanza na sindano. Alikaa naye kitandani, akashika mkono mmoja, kisha mwingine, akipapasa polepole juu ya viwiko na macho yake yakiwa yameangalia pembeni, kama mtu anayesikiliza redio kwa mbali.

"Mama, huku chini wamemaliza mishipa yako," alimwambia kwa Kiswahili. "Lakini huku juu kuna mmoja wamekuachia. Uko mnono na umenyooka. Asante Mungu."

Alitoa utepe wa fundi cherehani. Alipima kutoka juu ya kiwiko hadi bega, kutoka bega hadi katikati ya kifua, akaandika, akapima tena. Baba alijisogeza mbele.

"Unapima kwanza?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, cha kuongea na wenye majengo.

"Napima mara mbili, mzee. Nakata mara moja."

"Hiyo ndio kazi," baba alisema kwa heshima kubwa. Tangu hapo sikumwona akimwonea muuguzi yule shaka.

Alituruhusu kusimama mlangoni tukiwa tumefunikwa pua na mdomo. Alinawa mikono muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona mtu yeyote akinawa. Alimfunika mama kwa vitambaa vya kijani, akaacha wazi dirisha dogo la ngozi. Alimchoma mara moja. Damu nyeusi ikaonekana kidogo. Kisha akachukua ule mrija, mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, laini kiasi kwamba ulining'inia kwenye vidole vyake, akaanza kuuingiza.

Uliingia. Ndicho ninachokumbuka zaidi, jinsi ulivyozidi kuingia. Sentimita kwa sentimita, bila kelele, bila mama kukunja uso. Muuguzi alimwambia ageuze kichwa na kuteremsha kidevu, na mama akatii, na mrija ukaendelea. Urefu wa kalamu. Urefu wa rula. Zaidi. Nilitaka kushika kitu nikashika mkono wa koti la baba.

"Unasikia uchungu, mama?"

"Sisikii kitu," mama alisema chini ya kitambaa. "Umeanza?"

Muuguzi alicheka kidogo. "Nimemaliza."

Baadaye aliiweka picha ya eksrei kwenye kioo cha dirisha ili jua la jioni liipenye. Pale palikuwa mama yangu, mbavu zake kama ngazi, moyo wake kivuli cheupe kilichoegemea upande mmoja. Na kutoka begani ulishuka mstari mmoja, mwembamba kuliko unywele kwenye picha ile, ukipinda vizuri kama njia iliyochorwa na mtu mwenye mkono thabiti, ukaishia juu kidogo ya kivuli. Nilikuwa nimelala kifuani pale nikiwa mtoto, nimeusikia ule moyo kwa sikio langu, na sikuwa nimewahi kufikiri nitauona. Mama aliitazama picha muda mrefu kuliko sisi.

"Moyo ni mdogo," alisema. "Nilidhani ni mkubwa."

Asubuhi ilifuata zamu ya mafunzo. "Ni nani atakuwa anampatia dawa?" muuguzi aliuliza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa, ingawa sikujua nitatokaje Wamagana kila asubuhi na darasa linanisubiri.

"Ni mimi," alisema baba.

Nataka nieleze huyu mtu alikuwa nani. Baba alikuwa mwema kwetu, lakini sikuwa nimewahi kumwona akiosha kikombe. Hakuingia jikoni. Mama alipokuwa shambani mchana na sisi hatupo, baba aliweza kukaa na njaa kando ya chungu cha githeri mpaka mtu atokee wa kumpakulia. Wanaume wa rika lake walikuwa hivyo, wala hakuna aliyeona ajabu.

Muuguzi alimtazama usoni, halafu mikononi. Ilikuwa mikono ya mawe, kucha zimepasuka, vumbi la miaka arobaini limezama kwenye mikunjo.

"Hiyo mikono, mzee, itaoshwa mpaka ikuchukie," alisema.

"Nionyeshe."

Alimwosha kama mtoto. Sabuni, brashi, hadi kwenye kiwiko, kidole kimoja kimoja, kisha tena. Alimfundisha kushika bomba la sindano bila kugusa ncha. Alimfundisha kutoa hewa, kupangusa mdomo wa mrija kwa spiriti, kusukuma maji ya chumvi, kisha dawa, polepole akihesabu, kisha maji tena. Ncha ikigusa kitu chochote, hata blanketi, unaitupa. Alimfanyisha mazoezi kwenye kidole cha glavu alichokijaza maji. Baba alikosea mara ya kwanza, na ya pili. Hakukasirika. Alirudi kwenye beseni akaanza kunawa upya bila kuambiwa, na hapo nikamwona muuguzi akinitazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Neno la mwisho," alimwambia. "Siku moja utasukuma na itakataa. Usilazimishe. Ukilazimisha, mrija utapasuka ndani, au utasukuma damu iliyoganda iende kwa moyo. Umenisikia?"

"Nisilazimishe."

"Rudia."

"Nisilazimishe," baba alirudia.

Nyumbani alijitengea meza. Aliitoa sebuleni, akaisugua kwa majivu na maji moto, akaifunika kitambaa cheupe ambacho mama aliwekea wageni. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu juu yake, hata Biblia. Kila asubuhi saa nne, baada ya kukamua ng'ombe, kazi ambayo pia alikuwa ameichukua, alichemsha maji mwenyewe jikoni, akanawa, akaketi mbele ya mama. Mama alinyoosha mkono. Nilikuwa nikifika Jumamosi na Jumapili tu, na mara ya kwanza kuwaona hivyo nilibaki mlangoni na mkoba wangu bado begani. Walikuwa wameoana miaka zaidi ya thelathini. Sikuwa nimewahi kumwona baba akimshika mama mkono mbele ya watu. Sasa aliushika, akiupangusa, midomo yake ikihesabu, na uso wake ulikuwa na umakini niliouona zamani pale alipokuwa akitafuta mshipa wa jiwe kabla ya kupiga patasi.

"Unaharakisha," mama alimwambia. Naye alikuwa akihesabu.

"Siharakishi."

"Umeruka kumi na saba."

Akarudi kumi na sita.

Jumamosi ya tatu mrija ulikataa. Nilikuwepo. Baba alisukuma maji ya chumvi, na bomba halikuenda. Alisukuma tena kidogo, halikuenda. Jasho lilimtoka puani. Nilijua hesabu ilivyokuwa: kuupoteza mrija ule ilikuwa kurudi upande wa pili wa mlima na kununua mwingine, na ndama alikuwa ameshaondoka. Nadhani naye alilijua hilo. Kidole gumba chake kilikuwa kimekaa juu ya bomba, kidole kilichoweza kuvunja jiwe, na nilikiona kikikazana.

"Baba," nikasema.

"Nyamaza."

Akakiondoa kidole. Aliweka bomba chini kwenye kitambaa, taratibu, akakaa na mikono yake hewani ili isiguse kitu. Alifumba macho. Nilidhani anaomba, na labda alikuwa akiomba, lakini alipoyafumbua alimwambia mama, "Inua mkono. Juu. Sasa geuza kichwa upande ule, kama ulivyofanya kule. Kohoa."

Mama akakohoa. Baba alichukua bomba jipya, akapangusa, akagusa kwa wepesi kabisa. Maji yakaenda. Yalikwenda bila kizuizi chochote, kana kwamba hakukuwa na lolote.

Alisukuma dawa mpaka ikaisha. Kisha baba akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameegemea ukuta, mikono yake bado ameiinua mbele kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Tulirudi hospitali ya misheni wiki nne zilipotimia. Kidonda cha mguu kilikuwa kimefunga, na picha ya mfupa ilionyesha, kwa maneno ya daktari wa kule, mfupa mpya ukijijenga mahali palipokwanguliwa. Muuguzi alichunguza mkono wa mama, pale mrija ulipoingilia. Hapakuwa na wekundu, hapakuwa na uvimbe. Alibonyeza, akanusa, akabonyeza tena.

"Nani alikuwa anafanya hii kazi?" aliuliza, ingawa alijua.

Baba alinyoosha mikono yake. Ilikuwa imebadilika. Spiriti na sabuni vilikuwa vimeondoa rangi ya mawe, na ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, yenye nyufa, mpya kabisa. Muuguzi aliishika yote miwili kwa muda.

Kuutoa mrija kulichukua dakika moja. Uliteleza nje, mrefu, safi, na mama akaomba auone. Aliulaza juu ya mkono wake kwa nje, kutoka kiwiko hadi kifuani, akilinganisha.

"Umekaa ndani yangu wiki nne," alisema, "na mimi nikalala usingizi."

Mfupa haukuuma tena. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akichechemea kidogo siku za baridi tu. Tuliporudi siku ile, shemasi alitushusha barabarani kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia ya kuteremka kwetu. Baba alitaka kumwita jirani mwenye mkokoteni. Mama alikataa. Alivua viatu ili apate kushika matope vizuri kwa vidole, akaanza kuteremka kwa miguu yake mwenyewe kati ya mashamba ya chai, na sisi wawili tukamfuata nyuma, tukiangalia kila hatua.